Hakuna aliyewahi kupima "densiti isiyo na ukomo" ndani ya shimo jeusi. Tuliongelee taratibu

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Kuna sentensi moja imenichosha: "Katikati ya shimo jeusi kuna nukta yenye densiti isiyo na ukomo." Shimo jeusi ni mahali ambapo graviti, yaani uvutano, imezidi mpaka hata mwanga hautoki; densiti ni masi iliyomo katika kila kipande cha ujazo. Watu wanaitamka sentensi hiyo kwa uhakika ule ule wa kusema maji yanachemka kwa nyuzi 100, kana kwamba kuna mtu alishusha mizani kule chini akaona mshale umepitiliza. Hakuna mtu huyo. Sentensi ile inatuhabarisha juu ya mlinganyo uliogoma. Nitaeleza ni mlinganyo gani, uligomea wapi, na kwa nini huo mgomo ni habari kubwa kuliko hiyo nukta yenyewe.

Chukua kikokotoo cha simu. Gawanya 1 kwa 0.1, unapata 10. Gawanya kwa 0.001, unapata 1,000. Endelea kuongeza sifuri baada ya nukta, jibu linapanda tu. Sasa gawanya 1 kwa 0 yenyewe. Hakikuletei namba kubwa kupita zote, kinakuandikia kosa. Na hakuna anayeweka simu mezani akatangaza kwamba ndani yake kuna kitu kisicho na ukomo. Kwenye shimo jeusi ndivyo tunavyofanya kila siku.

Novemba 1915 Einstein alikamilisha milinganyo ya uhusianifu wa jumla: graviti ni mpindo wa anga na wakati, na masi ndiyo inayopinda. Mwaka haujaisha, Karl Schwarzschild, mwanaastronomia Mjerumani aliyekuwa vitani upande wa Urusi, akamwandikia jibu kamili la kwanza la milinganyo ile, yaani jinsi anga linavyopinda kuuzunguka mpira wa masi. Mei 1916 akafariki, akiwa na miaka 42. Jibu lake lilikuwa na sehemu 2 zinazogoma. Moja iko katikati kabisa, umbali sifuri. Nyingine iko nje kidogo, kwenye umbali ambao kwa masi ya Jua ni kama kilomita 3, na kwa masi ya Dunia milimita 9 hivi.

Hii ya nje ilisumbua vichwa vya watu kwa miongo, kumbe ilikuwa danganya toto. Angalia tufe la ramani: kwenye Ncha ya Kaskazini longitudo zote zinakutana, kwa hiyo aliyesimama pale akiulizwa yuko longitudo ya ngapi hana jibu. Je, ardhi pale imetoboka? Tatizo ni la mistari tuliyoichora sisi. Georges Lemaître aliling'amua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kufikia 1960 David Finkelstein na Martin Kruskal, kila mmoja kwa njia yake, walishaonyesha mistari inayopita pale bila kukwaruzika. Pale ndipo penye upeo wa matukio. Ukivuka hurudi, lakini fizikia haigomi. Kwa shimo kubwa sana ungevuka bila mwili kuhisi chochote.

Ya katikati ndiyo iliyokataa dawa. Badilisha mistari utakavyo, ipo. Kuna kipimo cha mpindo ambacho hakijali umechora mistari gani, na chenyewe kinakua kwa kipeo cha 6: ukisogea karibu mara 10, kinapanda mara milioni. Ukifika sifuri, kosa. Hiyo ndiyo singulariti.

Nipumzishe vidole, narudi.

Kimondo

Mkuu tiririka, nimeweka kambi hapa. Swali moja. Schwarzschild alichukua mpira uliosimama, wa duara kamilifu. Nyota halisi inazunguka, ina mabonde na vilima vyake. Ikianguka ndani, si kila kipande kitapishana na kingine badala ya kugongana kwenye nukta moja? Huenda singulariti ni matokeo ya uduara tu.

Mleta uzi

Kimondo, umeirudia hoja ya Lifshitz na Khalatnikov, Wasovieti wawili wazito kweli kweli, waliyoisimamia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walisema hivyo hivyo: ukivuruga uduara kidogo tu, vipande vinapishana, na singulariti inapotea. Wengi waliridhika.

Halafu akaja Roger Penrose, mwanahisabati Mwingereza. Vuli ya 1964, alipokuwa akivuka barabara London huku akipiga soga na mwenzake, wazo likampita kichwani. Walipofika ng'ambo na soga kuendelea, akalisahau, ikabidi jioni arudishe kumbukumbu nyuma hatua kwa hatua mpaka alikamate tena. Januari 1965 likachapishwa, kurasa 3.

Wazo lenyewe ni hili. Fikiria tufe limetandazwa taa juu ya uso wake wote, na taa zote zikamulike kwa mpigo mmoja. Mwanga unaoingia ndani unatengeneza tufe linalosinyaa. Unaotoka nje unatengeneza tufe linalotanuka. Mpaka hapo ni mambo ya kawaida. Sasa graviti ikiwa kali vya kutosha, hata tufe la mwanga unaokwenda "nje" nalo linasinyaa. Uso wa namna hiyo Penrose aliuita uso ulionaswa. Akathibitisha kwamba uso huo ukishatokea, na nishati ikawa ya aina inayovuta na wala haisukumi, basi kuna angalau njia moja ya mwanga ambayo inakatika. Hakuhitaji duara wala ulinganifu wowote. Mabonde na vilima vyako havisaidii kitu. Khalatnikov na Lifshitz baadaye walikiri, na mwaka 1970 pamoja na Belinski wakaonyesha picha nyingine ya kule ndani: anga linavutwa upande mmoja na kubanwa pande nyingine, kisha pande zinabadilishana zamu, ovyo ovyo, kwa kasi inayozidi.

Hapa naomba msome mara mbili. Penrose hakuthibitisha densiti isiyo na ukomo. Alithibitisha kwamba *njia inakatika*. Msafiri yuko njiani, saa yake inagonga, halafu nadharia haina ukurasa unaofuata wa kumwandikia. Kwa nini njia imekatika, uthibitisho wake hausemi.

Mchochezi

Kwa hiyo kwa ufupi wanasayansi hawajui kitu, wanatupiga kamba miaka 100 na Nobeli wanapeana. Sawa.

Mleta uzi

Mchochezi, jina lako linakutosha. Tutenganishe nje na ndani.

Nje ya upeo nadharia imepigwa kila kona na bado imesimama. Tarehe 14 Septemba 2015 vipokezi vya LIGO vilinasa mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya anga lenyewe, ya mashimo meusi 2, moja la masi za Jua 36 na jingine 29, yakiungana kuwa moja la 62. Hizo 3 zilizopungua ziliondoka kama nishati ya mawimbi, na umbo la wimbi likalingana na hesabu za Einstein. Aprili 2019 tukaonyeshwa picha ya kivuli cha shimo la galaksi ya M87, na Mei 2022 la katikati ya galaksi yetu, Sagittarius A*. Kabla ya hapo Andrea Ghez na Reinhard Genzel, kila mmoja na kundi lake, walikesha miaka mingi wakifuatilia nyota zinazolizunguka hilo la kwetu, na masi yake ikatoka takriban Jua milioni 4.3. Ndiyo Nobeli ya 2020, wakigawana na huyo huyo Penrose.

Hiyo yote ni nje. Ndani ya upeo hakuna kipimo hata kimoja, kwa sababu hakuna habari inayotoka. Kutojua kwetu kuna mpaka unaochoreka kwenye karatasi. Hiyo si kamba.

Na tukiwa kwenye densiti: shimo la M87 lina masi ya Jua bilioni 6.5. Gawanya masi hiyo kwa ujazo wa kawaida wa tufe la ukubwa wa upeo wake, unapata chini ya nusu kilo kwa mita moja ya ujazo. Hewa unayovuta ni nzito kuliko hapo. Shimo jeusi halilazimiki kuwa kitu kigumu kilichoshindiliwa, kinachohitajika ni masi ya kutosha ndani ya upeo.

Msomaji_kimya

Nimesoma kimya kimya miaka 3, leo nimejisajili kwa ajili ya swali hili. Hiyo singulariti iko umbali gani kutoka kwenye upeo? Kwa M87 kwa mfano. Kilomita ngapi?

Mleta uzi

Karibu, na umeingia kwa mguu mzuri, maana swali lako ndilo linalowapoteza wengi.

Haiko umbali wowote. Iko *wakati* fulani. Huku nje unaweza kwenda mbele na kurudi nyuma katika anga, lakini katika wakati unakwenda upande mmoja tu, huna hiari. Ukishavuka upeo vitu hivi viwili vinabadilishana kazi: kile tulichokuwa tunakiita "umbali kutoka katikati" kinageuka kuwa wakati. Kupungua kwake hakuzuiliki, kama usivyoweza kuizuia Jumatano isiifuate Jumanne. Kwa hiyo yule aliye ndani haioni singulariti mbele yake kama shabaha. Ni siku ya baadaye ambayo bado haijafika.

Na kwa shimo lisilozunguka, siku hiyo ina hesabu ya wazi. Muda mrefu kupita wote ambao msafiri anaweza kuishi tangu kuvuka upeo ni π mara G (namba kuu ya graviti) mara masi, gawanya kwa kasi ya mwanga kipeo cha 3. Nimepiga kwenye simu sasa hivi. Masi ya Jua ni 1.99 × 10³⁰ za kilo, mara G ambayo ni 6.67 × 10⁻¹¹, gawanya kwa 2.7 × 10²⁵, zidisha kwa 3.14. Inatoka takriban sekunde 0.0000155 kwa kila masi moja ya Jua. Sasa ni kuzidisha tu. Sagittarius A*: sekunde 66 na ushee. M87: saa 28 hivi.

Saa 28! Ungeweza kulala, ukaamka, ukaandika uzi. Na ukiwasha injini ya chombo ili upambane, unafupisha muda wako badala ya kuurefusha.

Bi Hesabu

Mleta uzi nakufuata vizuri lakini hiyo sentensi ya mwisho umeiachia mlango wazi. Sekunde 66 ni za mtu aliyeanza kuanguka kutoka utulivu pale pale kwenye upeo. Anayekuja akianguka kutoka mbali sana anafika ana kasi, na yeye bila injini anapata robo tatu ya... hapana, ngoja. Fomula yake ni 4/3 badala ya π. Hiyo kwa Sagittarius A* ni sekunde 28 tu. Kwa hiyo yeye akiwasha injini vizuri mara baada ya kuvuka, *anarefusha*, ilimradi hataipita 66. Akishaifikia njia ile bora ndipo kila tone la mafuta linamfupishia maisha.

Mleta uzi

Bi Hesabu, nakubali, nilikurupuka. Kofia chini. Wakuu msome alivyoandika yeye, mimi niliandika kwa mkato.

Tuje kwenye mipaka, ambayo ndiyo iliyonileta.

Nadharia ya fizikia ikitoa jibu lisilo na ukomo, kwa kawaida imeanza kuongea mambo yasiyo yake. Imeshatokea. Mwanzoni mwa karne ya 20, fizikia ya zamani ilikuwa inasema elektroni inayozunguka kiini cha atomi lazima itoe mwanga, ipoteze nishati, izame ndani ya kiini kwa muda wa kama sehemu moja ya bilioni 100 ya sekunde, na nishati inayotoka isiwe na mwisho. Kwa hesabu hiyo hakuna atomi ingebaki, wala wewe unayesoma. Hakuna aliyekimbilia kutafuta "singulariti ya elektroni". Mwaka 1913 Niels Bohr alianza kuweka kanuni mpya, fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomi, ikakua, na ikaonekana elektroni ina hali ya chini kabisa ambayo haishuki zaidi. Kile kisicho na ukomo kilikuwa kibao cha njia kinachosema: kanuni zako zinaishia hapa.

Mimi nasimama upande wa wanaoiona singulariti hivyo hivyo, na wanafizikia walio wengi wako huko.

Zinaishia wapi hasa? Si kwenye sifuri. Kuna kipimo kinachoitwa urefu wa Planck, mita 1.6 × 10⁻³⁵, kinachopatikana ukichanganya G, kasi ya mwanga na namba kuu ya kwanta. Mpindo wa anga ukifikia kiwango cha urefu huo, uhusianifu peke yake hautoshi tena. Nimekadiria kwa shimo la masi ya Jua: mpindo unafika huko ukiwa bado mita 10⁻²² hivi kabla ya katikati. Hapo ni padogo kuliko protoni mara milioni 10, lakini ni pakubwa kuliko urefu wa Planck mara trilioni kadhaa. Kwa hiyo anayekwambia kinachotokea "kwenye sifuri" ameshaupita mwisho wa ramani kitambo, na bado anakusomea majina ya vijiji.

Kwa nini tusiweke kwanta na graviti pamoja tumalize? Wamejaribu. Njia iliyofaulu kwa umeme na kwa nguvu za ndani ya kiini ni kukusanya majibu yasiyo na ukomo na kuyafyonza ndani ya namba chache unazopima maabara, kama masi na chaji. Kwenye graviti, ukifyonza moja linazuka jingine linalodai namba yake mpya, na namba hizo haziishi. Nadharia inayohitaji vipimo visivyo na idadi kabla haijatabiri kitu, haitabiri kitu. Kupima moja kwa moja nako usahau: mashine ya LHC, mzingo wa kilomita 27, inagonganisha protoni kwa teraelektrovolti 13.6. Nishati ya Planck iko juu yake mara milioni bilioni.

Mchochezi

Sasa umeongea. Wanaodai kuwa na dawa ni akina nani?

Mleta uzi

Wapo wengi, na nitapita haraka maana hakuna aliyefika kwenye vipimo. Wa kwanta za vitanzi wanasema anga lenyewe lina punje, halibanwi kupita kiwango, kwa hiyo kinachoanguka kinadunda. Carlo Rovelli na Francesca Vidotto mwaka 2014 walitoa wazo la nyota ya Planck kwa msingi huo. Upande wa nadharia ya nyuzi, inayosema chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetema, kuna Samir Mathur, anayesema hakuna "ndani" ya kuangukia, shimo zima ni furushi la nyuzi linaloishia pale pale penye upeo. Hili linanivutia kwa ujasiri wake, lakini sijashawishika.

Na yupo Roy Kerr. Huyu Mnyuzilandi ndiye aliyepata mwaka 1963 jibu la shimo linalozunguka, na singulariti ndani yake ni pete badala ya nukta. Mwishoni mwa 2023, akiwa na miaka 89, akatoa andiko akisema njia kukatika, kama Penrose alivyothibitisha, hakulazimishi kuwepo kwa singulariti. Wapo waliompinga. Lakini mwenye fomula mwenyewe akisema mnaisoma vibaya, angalau vaa miwani urudie.

Msomaji_kimya

Kuna uwezekano wa kuiona singulariti ikiwa wazi, bila upeo kuifunika?

Bi Hesabu

Naomba hili nijibu mimi. Penrose mwaka 1969 alikisia kwamba maumbile hayaruhusu, kila singulariti ya kuanguka hufunikwa. Haijathibitishwa mpaka leo. Mwanafizikia Stephen Hawking aliweka dau juu ya hilo mwaka 1991 dhidi ya wenzake Kip Thorne na John Preskill, na atakayeshindwa atampa mwenzake nguo ya kusitiri uchi wake. Mwaka 1997 Hawking akakubali kushindwa kwa shingo upande, kwa sababu hesabu za kompyuta zilionyesha singulariti iliyo wazi inaweza kutokea, ila masharti ya mwanzo lazima yawe yamepangwa kwa usahihi usio wa kawaida. Akatoa fulana. Kisha wakaweka dau jipya lenye maneno makali zaidi.

Ingekuwepo moja ya wazi ningefurahi. Ndiyo maabara pekee ya graviti ya kwanta ambayo tusingelazimika kuijenga.

Kimondo

Nimekaa na ile fomula ya mleta uzi. Nikaweka masi ya Dunia badala ya Jua, yaani nimegawanya kwa 333,000. Dunia yote ikibanwa ndani ya ile milimita 9, anayevuka upeo ana sekunde 0.0000000000465. Nikajiuliza mwanga unakwenda wapi kwa muda huo, nikazidisha: sentimita 1.4. Ni sahihi au nimekosea sifuri?

Bi Hesabu

Sifuri ziko sawa, nimezihesabu mara mbili.